Rangi Isiyochanganyika

Katito, Nyakach
3 Februari 2024

Mkwe wangu Mzee Mathenge,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu imeanguka bwawani tena. Rosa anasema nisijali, karibuni samaki wenyewe wataweza kunipigia.

Nimekutumia mzigo wa ngege wakavu. Nimewaanika kwa mikono yangu. Mwambie Mama Wendy awachemshe na nyanya nyingi. Najua nyinyi watu wa Karatina mnamtazama samaki kama nyoka aliyekosa urefu, lakini jaribu mara moja kabla hatujazeeka.

Tangu ufunge duka lako la rangi Kisumu ukarudi kwenu, nimekosa mtu wa kugombana naye. Ule mkebe wa nyeupe wa mwisho ulioniuzia nilienda nao Obunga nikaandika ukutani KINYOZI. Mvua moja ikanyesha. Pakabaki ukuta na kinyozi mwenyewe.

Sasa sipandi ngazi tena kuandika vibao vya watu. Goti limekataa. Nafuga samaki, na wamenishinda vile vile. Hebu sikia. Vifaranga wote niliowanunua walikuwa weusi, ngege wa kawaida kabisa, nao wakakua na kuzaana. Juzi nimevuta wavu nikakuta kati ya watoto wao kuna weupe! Si wagonjwa, wanaogelea kwa bidii. Ni weupe wa maziwa yaliyoguswa na chai, na mgongo unang'aa kama shaba. Nimeishi na rangi tangu ujana wangu na sijawahi kuchanganya kitu kama hicho. Nikajiambia, Obiero, umeuziwa mbegu iliyochanganywa. Wiki ijayo nitakwenda kuwagombeza waliouza. Hao weupe nimewatoa nikawarushia bata, maana nani atawanunua sokoni? Akina mama watasema nimewaloweka kwenye sabuni.

Jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Calvince wetu anatuambia kwamba Wendy wenu amekuja kwenu na mtoto kupumzika. Sisi hatujamwona huyo mtoto. Kila tukiomba kwenda kwao Migosi anasema bado ni mchanga, subirini. Nyanya yake Rosa ameshamshonea kofia. Hebu niambie, mkwe, huyo mjukuu wetu anafanana na nani?

Wako,
Obiero

*

Karatina
14 Februari 2024

Baba Calvince,

Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaifungua tena kuhakikisha kwamba niliyoyasoma ndiyo uliyoyaandika.

Unaniambia wazazi weusi wamezaa weupe. Unasema umeuziwa mbegu iliyochanganywa. Unasema hao weupe umewarushia bata. Halafu unaniuliza mtoto anafanana na nani. Nilikujua kama mtu wa mzaha kwa miaka yote ile ya dukani. Sikujua una mzaha wa aina hii.

Kama kweli hakuna aliyekuambia, basi nakuambia mimi. Mtoto ni mvulana. Ana ualbino. Ngozi yake ni nyeupe, nywele zake zina rangi ya majani makavu ya mahindi, na macho yake hayatulii kwenye mwanga. Calvince alifika wodini na shangazi yake Akello. Alisimama mlangoni. Hakuingia. Akasema, mbele ya shangazi na mbele ya wauguzi, "Kwetu hakuna mtu wa hivi. Huyu ni wa nani?"

Binti yangu alitoka Kisumu mshono haujapona. Alisafiri peke yake na mtoto kifuani, akamfunika kichwa kwa leso njia yote, si kwa sababu ya jua tu.

Samaki wako nimewapa jirani. Usitume tena.

Mathenge

*

Katito
22 Februari 2024

Mzee Mathenge,

Sikujua. Naandika neno hilo mwanzoni ili hata ukiichana barua hii kabla ya kufika chini, uwe umelisoma. Sikujua. Rosa pia hakujua. Barua yako tuliisoma tumesimama, na ilipokwisha tuliona afadhali tubaki hivyo hivyo.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Mtu mwenye akili angeandika kuhusu hali ya hewa. Mimi nilikuwa na habari moja tu ya ajabu, nikaichukua na kukupiga nayo usoni bila kujua.

Kesho yake tulikwenda Migosi. Calvince alitufungulia akiwa na ndevu za mtu anayelala na viatu. Nikamuuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Akasema, "Baba, umewahi kuona mtu wa hivyo kwetu?"

"Sijaona."

"Basi."

"Basi nini?"

"Wewe ni fundi wa rangi. Nyeusi na nyeusi zinatoa nini?"

Mkwe, nilitia mikono mfukoni. Nilitaka kumzaba kofi, na kilichonizuia si upole. Ni kwamba kama angeniuliza swali hilo siku yoyote ya maisha yangu ningemjibu vile vile. Nyeusi. Nimekula kwa kazi hiyo.

Tulipotoka kwake nikapitia kule nilikonunua vifaranga. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu nilipovuta ule wavu na sikutaka yaharibike. Afisa wao ni msichana anaitwa Valarie. Aliniacha nigombe mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniletea kiti.

Akasema, "Baba, hujauziwa kitu kibaya. Kila samaki ana maagizo mawili ya rangi, moja la baba na moja la mama. Likiwemo hata moja la weusi, ngozi inakuwa nyeusi. La weupe linakaa kimya. Linaweza kukaa kimya kwa babu, kwa baba, kwa mtoto. Siku wakikutana weusi wawili ambao kila mmoja amelibeba, kuna watoto watakaopokea kimya cha baba na kimya cha mama. Hao ndio hutoka weupe."

Nikamwambia, "Binti, nyeupe ukiitia ndani ya nyeusi unapata kijivu. Huwezi kuitoa tena hata ukilia."

Akacheka. "Hiyo ni ya mkebe, baba. Hii haichanganyiki. Inajificha tu."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kama na kwa watu ni hivyo. Akaniangalia kidogo. Akasema ualbino wa watu nao huenda kwa njia hiyo hiyo.

Nimemwambia Calvince yote hayo. Anasema hao ni samaki na huyo afisa wao analipwa kusema. Kwa hiyo nitapima mwenyewe, mbele ya macho yake. Kuna dume mmoja mweupe aliyewaponyoka bata, sijui vipi. Nimemtengea kizimba cha wavu, na akikomaa nitamwekea majike weusi kutoka kwa Wakoli kule Busia, ambaye hajawahi kuona mweupe kwenye mabwawa yake tangu aanze kufuga. Valarie anasema watoto wote watakuwa weusi. Mimi nasema watakuwa kijivu. Tumewekeana dau la soda.

Bata nimewafungia.

Mshike mtoto kwa niaba yangu. Kama hutaki kumshika kwa niaba yangu, mshike tu.

Obiero

*

Karatina
9 Machi 2024

Mkwe wangu Obiero,

Nimeamini. Mtu anayetaka kumdhihaki mwenzake hajitaji kama mjinga mara nyingi hivyo kwenye barua moja.

Nina habari. Mama yangu mzazi, unamkumbuka, yule aliyekuuliza siku ya harusi kama kweli mnakula vichwa vya samaki, macho yake yamechoka sana. Anaona mwanga na vivuli tu. Jumapili tulimketisha uani, Wendy akamwekea mtoto mapajani. Leso ikateleza. Jua likampata mtoto kichwani, na mama akainama, akaangalia, akaangalia. Kisha akacheka kama msichana. Akasema, "Kahiga! Umerudi bila kofia!"

Tukamuuliza Kahiga ni nani. Akatushangaa. Kahiga alikuwa kaka yake. Alikuwa mweupe kama mtoto huyu, akivaa kofia pana tangu asubuhi hadi jioni, na sauti yake ya besi kanisani iliwafanya watu wa parokia nyingine waje kukaa nje dirishani. Alifariki kabla sijazaliwa. Mimi nimefika umri huu bila kusikia jina lake, na mama alikuwa naye moyoni miaka yote hiyo, hakuna aliyemuuliza tu.

Wendy alilia, lakini si kilio kile cha mwezi jana.

Sasa sikiliza, kwa maana nimefikiri. Mtoto ametoka kwetu. Ni damu yetu, ni Kahiga. Mwambie Calvince hivyo. Mwambie na shangazi Akello. Ukoo wenu ni safi, sisi ndio tuliokuwa na kitu hiki na hatukujua. Kama ni wa kwetu waziwazi, basi binti yangu hakutoka nje ya ndoa yake, na hilo ndilo ninalotaka lisikike. Mengine mtwike mimi. Nina mgongo mpana.

Mtoto bado hana jina. Tunamwita Baby. Anamtambua nyanya yake kwa harufu.

Mathenge

*

Katito
20 Aprili 2024

Mkwe wangu Mathenge,

Nimeshindwa dau. Na sijui nianze na lipi kati ya mawili niliyonayo.

Naanza na samaki, wewe unanijua. Ngege jike hutaga, kisha huyachukua mayai yote mdomoni na kukaa nayo humo bila kula, mpaka watoto watoke wakiogelea. Nilimhamishia mmoja wa wale wa Busia kwenye beseni. Nikakaa kando kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, Calvince upande wa pili amekunja mikono. Mama akafungua mdomo. Wakamwagika, mkwe, wengi, wembamba kama nyuzi, na kila mmoja alikuwa mweusi! Baba yao mweupe kama karatasi, na hakuna aliyeonyesha hata tone la weupe wake. Nikatafuta kijivu mpaka macho yakauma. Hakuna.

Valarie akasema, "Usidhani weupe umekwenda mahali, baba. Umo ndani ya kila mmoja wao."

Nilipaka kuta za mji mzima nikidhani rangi ni kitu unachobandika juu. Kumbe kuna iliyokaa ndani ya kiumbe mdogo kuliko ukucha, imekaa kimya, nzima, na haipungui. Nilivua kofia. Nadhani hata goti lilisahau kuuma.

Sasa la pili. Barua yako ya Machi ilipofika, Rosa aliisoma akapiga makofi. "Kumbe ni kwao!" Na mimi nilifurahi, mkwe, nakuambia ukweli, nilifurahi kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Ulikuwa umenipa zawadi kubwa. Calvince angeweza kumrudia mkewe akiwa ameinua kichwa, Akello angenyamaza, na sisi tungekuwa watu wema waliosamehe.

Lakini lile beseni limeikataa zawadi yako. Dume wangu ni mweupe nje na ndani, na alipokutana na majike wasio na weupe, hakupata mtoto mweupe hata mmoja. Wendy ni mweusi. Hata kama amembeba Kahiga, angewezaje peke yake kuleta kile ambacho dume mweupe kabisa ameshindwa? Hawezi. Kahiga wako hakuja mwenyewe. Kuna mtu wa kwetu aliyemfungulia mlango.

Kwa hiyo ukoo wetu si safi, au tuseme hakuna uchafu, mimi sijui tena neno gani nitumie. Calvince amebeba. Naye alipewa na mimi au na Rosa. Usiku huo tulitazamana mezani kama watu wawili walioulizwa nani amekula nyama ya wageni.

Nilimwambia Calvince pale pale kwenye beseni. Nilisema, "Uliniuliza nyeusi na nyeusi zinatoa nini. Sikukujibu. Zinatoa mwanao." Alikuwa anatazama viganja vyake, akivigeuza huku na huku, kama mtu aliyegundua mfuko kwenye koti alilolivaa miaka mingi. Mwishowe akamuuliza mama yake ile kofia ndogo iko wapi.

Amekuja huko, ama yuko njiani. Sijui atapokewaje na siwezi kuomba lolote. Nimempa samaki akuletee, najua ulinikataza.

Obiero

*

Karatina
12 Mei 2024

Mkwe,

Alifika. Mvua ilikuwa inanyesha, naye amesimama langoni na kofia ya mtoto ndani ya mfuko wa plastiki, samaki kwenye gazeti, yeye mwenyewe amelowa. Nilitaka kumwacha hapo. Mama Wendy akaniambia, "Mzee, mwingize, atakuharibia nyasi za langoni."

Wendy alitoka akasimama barazani. Akamuuliza, "Umekuja kumfuata nani?"

Akasema, "Nyinyi wawili."

"Siku ile ulisema huyu ni wa nani?"

Calvince akasema ni wake. Akasema amekosa, na akasema mambo mengine ambayo baba mkwe hapaswi kuyasikia, basi nikaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Niliporudi alikuwa amemshika mtoto. Mtoto alikuwa anamvuta ndevu. Lakini binti yangu hakurudi naye, Obiero, nami sikumlazimisha. Alimwambia hivi: "Hapa umesema nikiwa na baba yangu tu. Kule ulinikana mbele ya watu wenu. Siku utakaposema mbele yao, nitapanga vitu vyangu." Tangu hapo amerudi tena mara kadhaa, analala kwa jirani yule anayekula samaki wako, na Wendy anamtengenezea chai lakini hampi begi la kubeba.

Kuna na suala la jina. Sisi kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, awe hai au la. Huyu ni Obiero, hakuna mjadala. Lakini Wendy anajua kwenu jina la mtu aliye hai halitolewi, na hataki kukuchukulia kitu usichotaka kutoa. Ndiyo maana bado ni Baby, na ameshaota jino.

Samaki tulimla. Jicho lilinitazama, nami nikalitazama. Sitasema zaidi ya hapo, mimi ni mtu wa Karatina.

Mathenge

*

Katito
24 Novemba 2024

Mkwe wangu, rafiki yangu Mathenge,

Kaa chini. Vaa miwani.

Unawakumbuka wale vifaranga weusi wa mwezi wa nne, watoto wa yule dume mweupe? Nimewalea wakakomaa, Calvince akija kila Jumamosi kunisaidia. Ndiye aliyetandaza wavu wa kivuli juu ya bwawa. Nilimwambia weupe huonekana kirahisi na ndege wa juu, na jua huwaunguza, na yeye akauliza tu nguzo zikae wapi. Nikawaacha weusi wazaane wao kwa wao. Valarie akaniambia ningoje.

Jana tulikuwa na mavuno, na ndugu wote wamekuja, maana habari ya samaki wa bure haihitaji simu. Shangazi Akello alikuwa amekalia kiti changu. Calvince akamtoa jike mmoja mwenye mdomo uliovimba, akamweka kwenye beseni katikati ya watu. Tukasubiri. Jike mweusi, mama yake mweusi, dume aliyezaa naye mweusi. Akafungua mdomo.

Mathenge, walikuwemo. Kati ya weusi wakatoka weupe, safi, wa maziwa yaliyoguswa na chai, si kijivu, si nusu, ni kama babu yao alivyokuwa siku ya kwanza nilipomwona. Rangi imepita ndani ya weusi wote wale, ikatoka upande wa pili haijachafuka! Hakuna mkebe duniani unaoweza hilo. Nilianza kucheka na kumbe nalia, na watu wakadhani ni moshi wa kukaanga.

Akello akainama. "Yawa, jamani, hawa weupe wametoka wapi? Nani ameingiza hawa?"

Mimi nilifumba mdomo wangu kwa nguvu, na wewe unajua kazi hiyo ilivyo ngumu kwangu.

Calvince akasema, "Hakuna aliyewaingiza, shangazi. Wametoka kwa mama huyu na kwa baba yao. Kama mtoto wangu. Siku ile wodini nilisema mbele yako kwamba si wangu. Ni wangu. Ametoka kwangu na kwa Wendy, na kabla yetu ametoka kwa baba au kwa mama hapa. Mkitaka kumtafuta mtu wa kulaumu mtapanga foleni hadi makaburini."

Wakati huo huo Rosa akapita na sufuria, kivuli chake kikaangukia beseni. Watoto wa samaki wakashtuka. Mama yao akafungua mdomo, nao wakaingia mbio, weusi na weupe, wanasukumana kama watu wanaokimbia mvua, na yeye akawakusanya wote mdomoni mwake akafunga. Tulimwona sote. Hakubakiza hata mmoja nje.

Akello akainua kichwa kutoka kwenye beseni. Kisha akasema, "Huyo mtoto ana viatu?" Nimemwambia mtoto anahitaji kofia kwanza, na mafuta ya kukinga jua. Ameanza kushona. Kofia yenyewe inatosha kufunika beseni, lakini usimwambie.

Calvince anakuja huko Ijumaa. Safari hii hajabeba samaki, amebeba begi tupu kwa ajili ya Wendy. Wendy akikubali kulijaza, njooni nyote, wewe na Mama Wendy na nyanya mkubwa. Nataka kumsikia akinisimulia Kahiga aliimba nini.

Na lile jina. Wazee wa hapa wameshanionya kwamba kumpa mtoto jina langu nikiwa hai ni kujiitia kaburi. Nimewaza sana. Nimegundua kwamba nilikuwa nimeshampa kitu kikubwa kuliko jina, nikampa bila kuulizwa na bila kujua kama ninacho, na bado napumua. Mwiteni Obiero. Mtu akisimama hapa Katito akaita jina hilo, tutageuka wawili, mkubwa mwenye goti bovu, na mdogo mwenye kofia.

Wako, na wa Kahiga,
Obiero Mkubwa